Kazi ya mwanahabari wa uchunguzi wa televisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza zaidi ni wanafunzi wa uanahabari, maripota wa mikoani na kaunti wanaotamani dawati la uchunguzi, na wazazi wanaowahofia watoto wao. Majibu ni ya mtu aliyefanya kazi hii Afrika Mashariki, kwa hiyo mifano mingi ni ya Kenya na Tanzania, na michache ni ya Ghana na Cameroon.

Mwanahabari wa uchunguzi ana tofauti gani na ripota wa kila siku?

Ripota wa kila siku anaeleza kilichotokea mbele ya watu: hukumu imesomwa, lori limepinduka, waziri amehutubia. Mwanahabari wa uchunguzi, au mpekuzi kama wengi wanavyomwita Kenya, anatafuta jambo ambalo kuna mtu analipa, anatisha au anadanganya ili lisijulikane. Hakuna anayemwalika wala anayemtumia ratiba ya mkutano.

Julai 2019 Dennis Okari wa NTV Kenya alirusha makala kuhusu nyama ya supamaketi. Kemikali iitwayo sodiamu metabaisalfaiti ilikuwa ikitumiwa kuifanya nyama iliyokaa siku nyingi ionekane mbichi. Mnunuzi alisimama mbele ya kioo cha bucha, akaona wekundu, akaamini, na wekundu huohuo ndio uliokuwa unamhadaa. Baada ya makala hayo maafisa wa afya walifunga sehemu za nyama katika supamaketi kadhaa. Waliokuwa nyuma ya kaunta walijua muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza, kuwasikiliza na kuwaficha wasijulikane.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kamera za siri na kujifanya mtu mwingine?

Hiyo ni sehemu ndogo, na ndiyo watazamaji wanayoikumbuka. Sehemu kubwa ni karatasi.

Tuseme umesikia kuna zahanati iliyolipiwa na haijajengwa. Unaanza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo Kenya na Tanzania hutolewa kila mwaka na mtu yeyote anaweza kuisoma. Humo utakuta sentensi kavu: malipo yamefanyika, hakuna stakabadhi za kuthibitisha kazi. Unachukua jina la mkandarasi. Kenya unaomba CR12 kwa Msajili wa Kampuni ili uone wakurugenzi na wenye hisa; Tanzania unakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Unatazama tarehe ya kusajiliwa na kuilinganisha na tarehe ya zabuni. Unatafuta majina yale kwenye hukumu za mahakama, maana watu wanaogombana kuhusu pesa hushitakiana, na wakishitakiana huapa na kuweka nyaraka mezani. Ndipo unapanda basi kwenda kwenye kiwanja, na mpigapicha anafungua begi kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ndivyo sakata la mamlaka ya ugavi wa dawa nchini Kenya, KEMSA, lilivyoshikwa. Baadhi ya kampuni zilizopewa zabuni za mamilioni zilikuwa zimesajiliwa miezi michache tu kabla. Tarehe mbili zikiwekwa pamoja kwenye skrini, mtazamaji anajihukumia mwenyewe bila kuambiwa ashangae wapi.

Kama unachukia kusoma nyaraka za kurasa mia tatu, tafuta dawati jingine. Nasema hivi kwa upendo.

Jicho Pevu lilikuwa na umuhimu gani?

Mkubwa, hasa kwa sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili. Kilikuwa kipindi cha upekuzi cha televisheni ya KTN ya Kenya. Kabla yake ilidhaniwa kwamba upekuzi mzito ni wa Kiingereza, na Kiswahili ni cha taarifa ya saa moja na vichekesho. Mohammed Ali wa KTN akabadilisha dhana hiyo. Makala yake kuhusu dawa za kulevya, kuhusu wageni wawili waliojulikana kama "ndugu Artur" waliotikisa Kenya mwaka 2006, na kuhusu ajali ya helikopta ya Juni 2012 iliyomuua waziri George Saitoti pale Ngong yalijadiliwa kwenye matatu, vinyozi na baraza za kahawa. Mama asiyesoma gazeti lolote aliweza kukusimulia ushahidi hatua kwa hatua.

Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, Ali na mwenzake John-Allan Namu walirusha picha za kamera za usalama za ndani ya jengo. Zilionyesha wanajeshi wakitoka na mifuko dukani wakati operesheni ikiendelea. Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, David Kimaiyo, alitangaza kwamba watakamatwa. Umma ulipaza sauti, wanahabari wakasimama pamoja, na tishio likarudi nyuma.

Wawili hao baadaye walishika njia tofauti. Namu alishiriki kuanzisha Africa Uncensored mwaka 2015, chombo huru cha upekuzi. Ali aligombea ubunge wa Nyali, Mombasa, mwaka 2017 akiwa mgombea huru, akashinda, akashinda tena 2022 kwa tiketi ya chama cha UDA. Kila mtu na hiari yake. Lakini wanafunzi huniuliza kama siasa ni hatua inayofuata kwa kawaida, nami huwaambia siipendi njia hiyo, kwa sababu moja: ukishavaa rangi za chama, wale uliowafichua wanapata kisingizio walichokuwa wanakitafuta, kwamba tangu mwanzo ulikuwa unapiga kampeni. Na walioathirika ni mashahidi waliokuamini ukiwa bado huna chama.

Lipo jambo jingine. Muziki wa kutisha, sauti nzito, maigizo ya matukio: staili ile imeigwa mno, mara nyingi na watu wasio na ushahidi wa kuibeba. Ukiona muziki unapanda kila baada ya sentensi tatu, uliza ni nini kimekosekana chini yake.

Ninahitaji kusomea nini?

Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kiwango cha chini kinachotakiwa ni stashahada ya uanahabari. Kenya unahitaji kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari. Vyuo vipo: Taasisi ya Mawasiliano ya Kenya, KIMC, Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SAUT pale Mwanza, Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar.

Cheti hukufungulia mlango wa chumba cha habari tu. Wapekuzi wazuri niliowaona walikuwa na kitu cha ziada: mmoja alisomea uhasibu, mwingine sheria, mwingine alikulia sokoni akijua bei ya kila kitu. Jifunze kusoma mizania ya kampuni na programu ya jedwali. Hivyo viwili vitakufaa kuliko namna ya kusimama mbele ya kamera.

Naweza kuanza moja kwa moja kwenye upekuzi?

Hapana. Fanya mahakama na bunge la kaunti au halmashauri kwa miaka kadhaa kwanza. Huko ndiko utakakojua makarani, na karani wa masijala akikuamini ni hazina.

Mshahara ukoje?

Unategemea zaidi mkataba kuliko kipaji. Wenye ajira ya kudumu kwenye vituo vikubwa hulipwa kila mwezi, wawe wamerusha makala au hawajarusha. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani hulipwa kwa habari iliyopita hewani. Hesabu mwenyewe: mwenzako anatuma mikutano mitatu ya hadhara kwa wiki, wewe umekaa miezi mitatu ukifuatilia jambo moja. Yeye ana pesa ya kodi ya nyumba, wewe una deni. Ndiyo sababu habari nyingi kubwa za wilayani hufa bila kuandikwa, wala si kwamba maripota wa huko hawana ujasiri.

Njia ya kupumua ni ruzuku. Tanzania, Tanzania Media Foundation imewahi kugharamia habari za uchunguzi, na tuzo za EJAT zinazoandaliwa na Baraza la Habari Tanzania zina nafasi ya kazi za aina hii. Ruzuku ikija, soma masharti yake na umwambie mtazamaji ni nani aliyegharamia.

Makala moja huchukua muda gani?

Ya wiki tatu ipo, ya mwaka mzima ipo. Mhariri akikuahidi muda, muombe auandike.

Nani hufanya kazi na anayeonekana kwenye skrini?

Hili lingeulizwa zaidi ningefurahi. Kuna mtafiti, mpigapicha, mhariri wa video, mhariri wa habari, wakili, dereva, na mwenyeji anayekupeleka kijijini na kukutafsiria. Anayeonekana hupata tuzo, na mwenyeji hubaki palepale siku gari la kituo linapoondoka. Yeye ndiye atakayeulizwa na mwenyekiti wa kijiji, na watoto wake ndio watakaosoma shule moja na watoto wa aliyefichuliwa. Kabla hujamuomba mtu akuongoze, mweleze waziwazi makala yanahusu nini na yatarushwa lini, na mkubaliane jina lake litajwe au lisitajwe. Akikataa, usimbembeleze.

Kumficha shahidi kwenye televisheni kunafanyikaje?

Hapa ndipo televisheni ilipo ngumu kuliko gazeti. Gazeti linaandika "chanzo chetu" na limemaliza. Sisi tunahitaji picha na sauti.

Kuweka ukungu usoni hakutoshi. Angalia mikono: pete, kovu, hina ya harusi ya juzi. Angalia nyuma yake: pazia, kalenda ya duka la mtaani, rangi ya mlango. Sikiliza sauti za mbali, kwa kuwa adhana na mlio wa reli vitamwambia mwenyeji yeyote mko mtaa gani. Viatu pia. Kuna watu wanaotambuliwa kwa viatu na kwa namna ya kukaa kabla hata hawajafungua mdomo.

Sauti iliyopandishwa au kushushwa kwa programu inaweza kurudishwa ilivyokuwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Njia salama zaidi ni maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na mtazamaji aambiwe hivyo. Mpige picha dhidi ya mwanga, kwenye chumba kisicho chake, na asivae nguo ulizomkuta nazo. Baada ya kuhariri, muonyeshe sehemu yake kabla haijarushwa. Makala mengine hutakiwi kumuonyesha mtu kabla, ila hii sehemu moja ni haki yake, maana yeye ndiye anayejua jirani yake atatambua nini.

Picha halisi yenye uso wake isikae kwenye kompyuta ya ofisi. Siku polisi wakija na hati ya upekuzi, watachukua mashine nzima.

Kamera ya siri inaruhusiwa lini?

Pale ambapo jambo lina maslahi makubwa ya umma na hakuna njia nyingine ya kulithibitisha. Masharti hayo mawili yaende pamoja. Maadili ya taaluma Kenya na Tanzania yanaelekea huko, na mhariri mkuu ndiye anayetoa idhini. Ripota hajipi ruhusa mwenyewe.

Anas Aremeyaw Anas wa Ghana ndiye aliyeifikisha mbali mbinu hii. Mwaka 2015 alionyesha majaji na mahakimu wakipokea rushwa, na wengi walipoteza kazi. Mwaka 2018 alifuata soka, na rais wa chama cha soka cha Ghana, Kwesi Nyantakyi, akajiuzulu. Matokeo ni makubwa, na mjadala nao ni mkubwa: je, umemkuta mtu akipokea rushwa, au wewe ndiye uliyempelekea kishawishi? Mimi nasimama hapa: kamera ya siri irekodi biashara iliyokuwepo kabla hujafika. Ukilazimika kuianzisha wewe, huna habari.

Kwetu, kazi ya Vicky Ntetema ilikuwa ya aina hiyo. Mwaka 2008, akiwa mwandishi wa BBC Tanzania, alikwenda kwa waganga akijifanya anatafuta utajiri, akathibitisha biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Biashara ilikuwepo, na wahanga walikuwa wanakufa. Hakukuwa na mganga ambaye angemwambia ukweli mwandishi mwenye kitambulisho shingoni.

Haki ya kujibu ni nini, na kwa nini wahariri huisisitiza hivyo?

Kila anayetuhumiwa aulizwe kabla makala hayajarushwa, kwa maandishi, kwa hoja mahususi, na apewe muda wa kutosha kujibu. Barua ya kusema "tunaomba maoni yako kuhusu tuhuma za ufisadi" ni barua mbaya. Iliyo nzuri inasema: "Kampuni yako ililipwa kiasi hiki tarehe hii. Tulifika kwenye kiwanja tarehe hii tukakuta msingi tu. Kazi imefanyika wapi?"

Mara kadhaa barua ya aina hiyo huokoa kituo. Mtu hujibu na stakabadhi ambayo hukuwa nayo, na unagundua fedha ziliishia kwingine. Usiione kama adabu kwa mkosaji, kwa kuwa hiyo ni hatua ya mwisho ya uchunguzi wako.

Wakili anafanya nini kwenye makala?

Anasoma skripti sentensi kwa sentensi na kuuliza: una nini mkononi? Umeandika "mkurugenzi aliiba fedha za zahanati." Una hukumu? Huna. Basi inakuwa: "Mkurugenzi alisaini malipo haya. Zahanati haijajengwa. Tulimuuliza, hakujibu." Vijana hulalamika kwamba wakili anapunguza makali. Soma sentensi zote mbili kwa sauti uone ni ipi inayouma zaidi.

Sheria zipi nizijue?

Kenya, Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari na ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Tanzania nayo ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye siku 30. Tumia haki hizi. Andika ombi, pata muhuri wa kupokelewa, tunza nakala. Hata ukinyimwa, kunyimwa kwenyewe kunaingia kwenye makala.

Kuhusu kashfa, Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kesi ya madai bado ipo, na fidia yake inaweza kufilisi chombo. Zingatia pia sheria za kulinda data binafsi, ya 2019 Kenya na ya 2022 Tanzania. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini ilitungwa kwa ajili ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka. Usimwambie shahidi wako kwamba sheria hiyo itamkinga akizungumza na wewe.

Je, kazi hii ni hatari kweli?

Ndiyo, na mzazi anayeogopa ana sababu.

Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu huku askari wamemzingira. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, na wenzake bado wanamtaja kwa heshima. Ahmed Hussein-Suale, aliyekuwa kwenye timu ya Anas, aliuawa kwa risasi Accra Januari 2019, miezi kadhaa baada ya mbunge mmoja kuonyesha picha yake kwenye televisheni. Vicky Ntetema alitishiwa maisha na kulazimika kujificha.

Hatari ya kila siku ina sura nyingine: simu za usiku, wito wa kuandikisha taarifa, mtu anayejua shule ya mwanao. Aprili 2021, Purity Mwambia wa Citizen alipoonyesha jinsi bunduki za polisi zinavyokodishwa kwa wahalifu Nairobi, idara ya upelelezi ilimwita na kumtaka ataje watu wake. Shinikizo liliwekwa kwa mwandishi, wakati swali lilikuwa kuhusu bunduki.

Kinga ni za kawaida na zinachosha. Mwambie mhariri unakokwenda na saa ya kurudi. Nakala za picha zikae sehemu mbili. Wakili awe na namba yako. Usitoke peke yako usiku. Na kituo kiwe na fedha ya kukuhamisha wewe na familia kwa wiki kadhaa ikibidi. Uliza hilo kabla ya kusaini mkataba, wala usione aibu.

Picha za mitandaoni zinaweza kuwa ushahidi?

Zinaweza, ukizifanyia kazi. Mwaka 2018 BBC Africa Eye, timu ya uchunguzi ya BBC, ilichukua video iliyosambaa ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Cameroon ilikuwa imesema ni habari ya uongo. Timu ikatazama safu ya milima nyuma ya picha, ikailinganisha na picha za satelaiti, ikapata mahali penyewe karibu na mpaka wa Nigeria. Kisha wakatazama majengo: lililoonekana kwenye video na ambalo satelaiti ya tarehe fulani haikuwa nalo bado, na ukuta ambao baadaye ulibomolewa. Vivuli vya wanajeshi vikawapa pembe ya jua, na pembe ya jua ikawapa siku: mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili 2015. Mwaka 2020 wanajeshi wanne walihukumiwa miaka kumi jela.

Aprili 2025 timu hiyohiyo ilitumia maelfu ya picha na video kuwatambua maafisa wa usalama waliofyatua risasi kwenye maandamano ya 25 Juni 2024 katika bunge la Kenya. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, na BBC ikasema hawakuhusika na makala hayo.

Mbinu hizi zinafundishika. Ukiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti ya wastani unaweza kuanza na picha za satelaiti za bure. Kinachotakiwa zaidi ni uvumilivu wa kutazama sekunde nane za video kwa siku nne.

Kituo kikikataa kurusha makala yangu?

Hutokea. Sababu kubwa ni matangazo ya biashara. Serikali na kampuni kubwa ndizo watangazaji wakuu, na simu moja kwa meneja wa mauzo inaweza kufanya kazi ya amri ya mahakama. Wakati mwingine nguvu hutumika wazi. Kenya, Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard na KTN usiku, wakachoma magazeti na kuzima matangazo. Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kiongozi wa upinzani Raila Odinga kujiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park.

Kwanza hakikisha kilichokataliwa ni habari yenyewe, na si udhaifu wa ushahidi wako. Omba sababu kwa maandishi. Angalia mkataba: mara nyingi picha ni mali ya kituo, na ukizipeleka kwingine unaweza kushitakiwa. Ndiyo maana vyombo huru vimekuwa muhimu hivi. Maudhui ya mtandaoni Tanzania nayo yana kanuni zake chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zikaguliwe kabla ya kupakia.

Nikipewa bahasha?

Rudisha, mbele ya mtu mwingine, na umwambie mhariri siku hiyohiyo. Najua mishahara ilivyo na najua wanaochukua si watu wabaya wote. Lakini mpekuzi akipokea hata nauli ya mtu anayemchunguza, kila makala aliyowahi kufanya yanaoza kwa wakati mmoja.

Makala yakisharushwa, mambo hubadilika?

Wakati mwingine, nusunusu. Machi 2024 Africa Uncensored ilionyesha kwamba wakulima wa Kenya walikuwa wanauziwa mbolea feki kupitia mpango wa ruzuku wa serikali. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Wengine walikuwa wameshaitia shambani. Bunge lilipiga kura ya kumng'oa waziri wa kilimo mwanzoni mwa Mei, na siku chache baadaye kamati ya wabunge 11 ikamsafisha. Kijana aliyetarajia haki kamili atavunjika moyo hapo. Mimi naangalia pia mkulima aliyefungua gunia lake siku ile, akachukua kiganja cha ile mbolea na kuikagua kabla ya kuitia kwenye shimo la mahindi.

Panga makala ya ufuatiliaji tangu mwanzo. Weka kwenye shajara: baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Wahusika hutegemea kwamba utasahau.

Ninazo nyaraka nyeti mkononi na nataka kumpa mwanahabari. Nifanyeje?

Usitumie simu ya kazini, kompyuta ya kazini wala mtandao wa ofisi. Usizitume kwa barua pepe ya ofisi hata kwa jina la uongo. Fikiria ni watu wangapi wengine wanaozifikia nyaraka hizo. Kama mko watatu tu, mwambie mwandishi hilo kabla ya jambo jingine, kwa sababu litabadilisha namna atakavyozitumia. Nakala zilizochapishwa zinaweza kuwa na alama za printa, na faili za kompyuta zinaweza kubeba jina la aliyeziandika au kuzihariri. Mpe mwandishi muda wa kuzithibitisha kwingine ili zisionekane zimetoka kwako. Muulize waziwazi: ukishurutishwa na mahakama kunitaja utafanya nini? Asipokuwa na jibu, ondoka na nyaraka zako.